Jinsi ya kupanga nyumba Dubai kwa jina lako na kusajili mkataba serikalini (Ejari), toka kutafuta mpaka kuwashiwa umeme

Naandika hii kwa ajili ya wanaokuja Dubai kutoka Dar, Zanzibar, Mombasa na kwingineko, maana naona watu wanalipa hela kwanza halafu ndo wanauliza maswali, na hela ikishatoka hapa kuirudisha ni kazi kwelikweli.

Jambo la kwanza, kama bado una visa ya matembezi usikimbilie mkataba wa mwaka. Kaa kwa ndugu au kwenye nyumba ya kampuni kama mwajiri anatoa. Kupanga kwa jina lako kawaida utaombwa pasi, visa ya ukaazi, kitambulisho cha Emirates na mara nyingi kitabu cha cheki, na kitabu cha cheki hakipatikani bila akaunti ya benki, kwa hiyo mpangilio ni kazi, visa, kitambulisho, benki, ndo nyumba.

Halafu piga hesabu kabla hujaanza kuzunguka. Hapa kodi inatajwa kwa mwaka, sio kwa mwezi, na unalipa kwa cheki za tarehe za mbele, moja, mbili, nne au zaidi kadiri mtakavyokubaliana na mwenye nyumba, na cheki zikiwa chache ndo unapata nguvu ya kuomba punguzo. Tuseme nyumba ni dirham 48,000 kwa mwaka, cheki nne. Cheki ya kwanza 12,000, depositi kwa kawaida asilimia 5 kama haina fanicha (yenye fanicha ni 10), hiyo ni 2,400, dalali naye asilimia 5, nyingine 2,400, depositi ya umeme na maji kwa apatimenti 2,000, weka na gharama ya Ejari na ya kuunganishiwa umeme, jumla unahitaji kama 19,000 na ushee siku ya kuingia. Ukija na hela ya mwezi mmoja ukidhani itatosha kama nyumbani utakwama, na wengi ndo hapo wanapoishia kwenye vitanda vya kushea.

Na hapo kwenye kushea naomba unisikilize vizuri. Sheria ya pango ya Dubai, namba 26 ya mwaka 2007, inamkataza mpangaji kupangisha wengine bila ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba, na akikamatwa mnatolewa wote, yeye na nyinyi aliowapangisha. Vyumba vilivyokatwa kwa mbao na jipsam, zile patisheni za Deira, Satwa na Al Rigga, manispaa inazivunja. Najua watu wanakaa huko kwa sababu ya kipato na simlaumu mtu, ila ukilazimika, muulize anayekupangisha akuonyeshe hiyo ruhusa na mkataba wake wenye Ejari, na usimpe hela ya miezi mingi kwa mkupuo.

Ukishapata tangazo la nyumba, angalia kama lina namba ya kibali au ile alama ya QR ya Idara ya Ardhi ya Dubai, kisha pakua programu inayoitwa Dubai REST, ni ya serikali na ni bure. Humo unaweza kuhakiki dalali kama amesajiliwa na hati ya nyumba kama ni ya kweli. Fanya hivi HATA kama dalali ni Mswahili mwenzako anayekuita kaka au dada. Jina kwenye hati ndo jina linaloandikwa kwenye cheki, sio jina la dalali wala la shemeji yake mwenye nyumba. Akikwambia mwenye nyumba yuko nje ana mwakilishi, omba hati ya uwakilishi wa kisheria (power of attorney) iliyothibitishwa. Na hakuna kutuma hela ya kushikia nyumba ambayo hujaingia ndani ukaiona kwa macho.

Ukiwa ndani washa AC na uiache ikae muda, maana kiangazi joto linapita digrii 40 na AC mbovu hapa sio usumbufu mdogo, hulali. Uliza pia kama bili ya ubaridi imo kwenye kodi au unalipa kampuni nyingine, manake kuna majengo yana AC ya pamoja na bili yake inakuja peke yake. Fungua mabomba, angalia kunguni kwenye kona, piga picha kila doa. Hizo picha ndo zitakazoitetea depositi yako siku ya kutoka.

Kwenye mkataba soma ukurasa wa masharti ya nyongeza, huko ndo mambo yanafichwa. Matengenezo kisheria ni ya mwenye nyumba isipokuwa mmekubaliana vingine, na wengi wanaandika marekebisho madogo ni ya mpangaji, sasa hakikisha kiwango kimetajwa. Angalia na faini ya kuvunja mkataba katikati.

Sasa Ejari yenyewe. Ni usajili wa mkataba kwenye mfumo wa Idara ya Ardhi, unafanyika kupitia Dubai REST au unaenda kwenye vituo vinavyoruhusiwa, kituoni ni kama dirham mia mbili na kidogo. Beba mkataba uliosainiwa, nakala ya hati ya nyumba, pasi ya mwenye nyumba, pasi yako na kitambulisho chako. Mwenye nyumba akianza kukwepa kusajili, simama hapo hapo, kwa sababu bila Ejari hupati umeme kwa jina lako, kuleta familia kunakuwa shida, na ukigombana naye Kituo cha Migogoro ya Pango kitaiulizia hiyo kwanza.

Namba ya Ejari ikitoka ingia kwenye tovuti ya DEWA, yaani mamlaka ya umeme na maji ya Dubai, weka na namba ya nyumba yenye tarakimu tisa iliyobandikwa karibu na mlango, lipa, kawaida ndani ya siku moja umeme na maji yanawaka. Usishtuke kuona bili ina ada ya makazi, ni asilimia 5 ya kodi ya mwaka imegawanywa kwa miezi 12, kwa nyumba yetu ya 48,000 ni dirham 200 kila mwezi.

Baada ya hapo waandike kwenye Dubai REST wote mnaokaa nao, mke, watoto, mdogo wako.

Kuhusu kupandishiwa kodi, mwenye nyumba anatakiwa akupe taarifa siku 90 kabla ya mkataba kuisha, na kiwango kinapimwa na fahirisi ya serikali, yaani viwango vya kodi inavyovitoa, kikubwa kabisa asilimia 20. Akitaka kukutoa ili auze au akae mwenyewe ni notisi ya miezi 12 kupitia mthibitishaji wa umma (notary public) au barua ya rejista, ujumbe wa WhatsApp haumtoi mtu. Na ukihama mwenyewe, funga akaunti ya DEWA na ufute Ejari ya zamani, kisha ndo uidai depositi yako ukiwa na zile picha mkononi.