Kumfundisha mwanagenzi kushona na kuongea na mteja: hatua ninazofuata kibandani

Kibandani kwangu Morogoro kuna cherehani 4, tatu za miguu na moja ya umeme. Wanagenzi huja wawili wawili. Zamani niliwafundisha kama nilivyofundishwa mimi: unakaa pembeni, unatazama, unafagia vipande, unawasha mkaa wa pasi, na miezi ikishapita mingi ndipo unaruhusiwa kugusa nguo ya mtu. Mwenye jicho kali alitoka fundi. Asiye nalo aliishia kwenye vifungo. Na kuhusu wateja tulifundishwa sentensi moja tu: "Mwambie aje kesho."

Siku hizi nina utaratibu mmoja, nao nautumia kwa mkono na kwa mdomo. Mafundi wenzangu hunibishia hapo. Kushona kunafundishika, wanasema, lakini lugha nzuri kwa mteja mtu huzaliwa nayo. Mimi nimeona wasichana waliokuja hawawezi kumtazama mtu usoni, na leo ndio wanaopokea oda za sare za harusi.

Hatua ya 1: Igawe kazi kwenye karatasi

Fanya hivi kabla mwanafunzi hajaja. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya Marekani vilijaa watu ambao hawakuwahi kushika chombo cha kazi, na serikali ikaanzisha mpango ulioitwa Training Within Industry ili kuwafundisha wasimamizi namna ya kufundisha. Nilichokichukua kwao ni karatasi yenye safu mbili. Kushoto unaandika kitendo. Kulia unaandika jambo ambalo likikosewa kazi inaharibika au mtu anaumia, au ujanja unaoirahisisha.

Chukua kutia uzi. Kushoto: inua kile chuma kinachopanda na kushuka hadi kifike juu kabisa. Kulia: ukikiacha chini, uzi utachomoka sindanoni kwa mshono wa kwanza. Kushoto: zungusha gurudumu. Kulia: lije upande wako, likirudi nyuma uzi unajisokota chini na kukatika.

Sasa chukua kumpima mteja, kazi ya mkono na mdomo kwa pamoja. Kushoto: mwombe ruhusa. Kulia: kabla futi kamba haijamgusa, si baada. Kushoto: simama ubavuni. Kulia: usimkumbatie kutoka mbele. Kushoto: pima kifua. Kulia: acha nafasi ya vidole viwili, la sivyo nguo itambana. Kushoto: andika. Kulia: usitamke namba kwa sauti. Mama aliyetangaziwa "kiuno 42!" mbele ya watu watano kwenye benchi hatarudi, hata gauni likimkaa vipi.

Ukishaandika utashangaa ni mambo mangapi mikono yako inajua na mdomo wako haujawahi kuyasema.

Hatua ya 2: Pitia mizunguko minne

Mpangilio huu daktari mpasuaji Rodney Peyton aliuandika mwaka 1998 kwa ajili ya wanaofundisha tiba. Kwenye cherehani unakaa vizuri kabisa.

Mzunguko wa kwanza, fanya kazi kwa kasi yako ya kila siku, kimya. Aone ikikamilika inafananaje. Wa pili, fanya polepole ukieleza kila kitendo na sababu yake. Wa tatu, mikono ni yako lakini maneno ni yake: yeye anakuambia la kufanya, wewe unatii. Wa nne, anafanya mwenyewe huku akisema anachokifanya.

Wengi wetu tunaruka kutoka wa pili kwenda wa nne. Tunauliza "Umeelewa?", kijana anajibu "Ndiyo, fundi," maana nani atasema hapana? Mzunguko wa tatu ndio unaomfichua, na bado kitambaa hakijaharibika. Binti mmoja aliniongoza kutia zipu, akafika mahali akasema, "Sasa shona." Hakuwa ameniambia nishushe mguu wa cherehani juu ya kitambaa. Nikakanyaga vilevile. Nyuzi zikafungamana chini kama kiota. Akacheka, akafumua mwenyewe, na sijamwona akisahau tena. Kama kosa ni la kuumiza, kidole chini ya sindano au pasi ya moto, hapo simama na useme.

Hatua ya 3: Mazoezi ya bei rahisi, kila siku kidogo

Siku za mwanzo hakuna uzi. Toa uzi, weka karatasi ya daftari lenye mistari, mwanafunzi akanyage sindano ikitoboa juu ya mstari. Ni mchezo wa zamani, na nafuu yake ni kwamba miguu inajifunza mwendo bila kusumbuliwa na uzi unaokatika. Akinyoosha mistari, mchoree mawimbi, halafu pembe. Baada ya hapo shuka kuukuu za mtumba na vipande vya kukata. Nusu saa kila asubuhi inafaa kuliko Jumamosi nzima mara moja. Kitenge cha mteja hagusi kwa mkasi mpaka akate mfano wake kwenye gazeti mara tatu bila mimi kusogea.

Hatua ya 4: Igizo la mteja

Hapa ndipo mafundi wanaona aibu, wanadhani ni mambo ya semina. Mimi nafanya alasiri, wateja wakipungua. Kisa ninachopenda: gauni la send-off halijaisha, mwenye nguo kafika, sherehe ni jioni.

Mizunguko ni ileile. Kwanza mimi ni fundi, mwanagenzi wa zamani ni mteja, wageni wanatazama tu. Tunarudia, safari hii nikisimama kila mahali kueleza: nimemkaribisha akae, nimemwacha amalize kusema, nimekiri kwamba kosa ni letu, nimemtajia saa, nimeiandika kwenye daftari mbele yake.

Mzunguko wa tatu, wao wananiambia la kusema. "Mwambie umeme ulikatika." Nasema hivyohivyo. Mteja wetu anajibu, "Hizi tatu za miguu nazo zinatumia umeme?" Kimya. "Mwambie tuliishiwa uzi." Nasema. "Uzi? Wiki tatu?" Kisingizio ukikisikia kikitoka mdomoni mwa mwingine unakijua kilivyo chepesi. Baada ya visingizio viwili vitatu hivi wenyewe wanaanza kutafuta la kweli: "Mwambie samahani, tulipokea kazi nyingi kuliko uwezo wetu. Tunamalizia pindo sasa hivi, saa tisa na nusu liko tayari."

Wa nne wanaingia wenyewe, na mimi nakuwa mteja. Nagomba kwelikweli, ila simtukani mtu. Mteja wa igizo akiwa mpole sana mazoezi hayana faida. Akizidisha, kijana anaganda. Kisha geuzeni: aliyekuwa fundi akae upande wa mteja. Mara nyingi anajifunza zaidi huko.

Hatua ya 5: Sahihisha jambo moja

Muulize yeye kwanza: "Wewe umeonaje?" Kosa analolijua huna haja ya kulisema. Kisha taja ulichokiona kwa macho. "Huna adabu" hakimsaidii, hajui abadilishe nini. "Mteja alipokuwa anaongea ulikuwa unatazama simu" anaweza kukifanyia kazi kesho. Makosa yakiwa matano, chagua moja.

Na usisahihishe mbele ya mteja. Niliwahi kumkaripia kijana kwa mkono wa shati uliowekwa kinyume, mwenye shati akiwa pale pale. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Alikuwa na mkono mzuri wa kukata kuliko mimi nilipokuwa na umri wake.

Hatua ya 6: Jiondoe taratibu

Wiki ya kwanza nakaa naye kwenye kiti kimoja. Baadaye nahamia cherehani ya pembeni, halafu nje kwenye benchi. Anapokuja mwanagenzi mpya, huyu wa zamani ndiye anayemfundisha kutia uzi, kwa karatasi ileile ya safu mbili. Akikwama kueleza, anajua pa kurudia. Wakiiva nawahimiza waende VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambako kuna utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi ulioupata nje ya darasa, watoke na cheti.

Jaribio langu la mwisho ni la Jumamosi mchana. Naaga kwamba naenda sokoni, nawaachia kibanda kwa muda wa saa mbili. Nikirudi siulizi chochote. Nafungua daftari la oda: jina la mteja lipo, vipimo vipo, malipo ya awali yameandikwa, na mbele ya tarehe pana saa.

Pakiwa na neno "kesho" tu, Jumatatu tunarudi kwenye igizo.