Ua la kutambaa juu ya kokoto

Mbele ya nyumba yetu hapa Aurora, Colorado, Marekani, kati ya njia ya miguu na barabara, kuna kipande cha ardhi chenye upana wa mita moja na nusu. Nyasi za pale zilikunywa maji hadi bili ikanitisha, na Julai zikakauka vilevile. Nikazing'oa, nikapanda delosperma: mmea mfupi usiozidi vidole vinne, unaotambaa, majani manene yaliyojaa maji, maua ya rangi ya waridi iliyokolea. Wenyeji wanauita mmea wa barafu kwa sababu ya vipovu vidogo vinavyometameta kwenye majani. Asili yake ni Afrika Kusini na Lesotho, na aina za milimani zimezoea theluji. Hata Afrika Mashariki una ndugu. Mmoja amepewa jina la Nakuru.

Mwaka wa kwanza niliua miche 12. Mimi mtu wa Tanga, nilichojua ni mchicha: samadi, udongo mweusi, maji asubuhi na jioni. Basi nikaipanda Oktoba, nikaidekeza hivyo hivyo. Machi nilikuta ute. Baridi nilikuwa naisingizia tu; kilichoiua ni kushinda miezi na miguu majini.

Kwa hiyo anza na udongo, na hapo usifanye haraka. Wa huku ni mfinyanzi, ukilowa unabaki na kiatu chako. Nilichimba kina cha koleo moja, nikachanganya na kokoto ndogo karibu nusu kwa nusu, kisha nikainua tuta la sentimita 15 ili maji yateremke. Samadi usitie, mbolea usitie. Mahali papate jua kwa muda wa saa sita kwa siku au zaidi. Kivulini mmea utarefuka ovyo na maua utayasikia kwa majirani.

Panda katikati ya Mei, sakitu (umande unaoganda) ikishapita, ili mizizi ipate kiangazi kizima cha kushika. Miche ya dukani huja na udongo mwepesi unaonyonya maji kama sponji. Iloweke kwenye ndoo, uoshe mpaka mizizi ibaki mitupu. Roho itakuuma, lakini fanya. Acha sentimita 40 kati ya mche na mche, halafu tandaza kokoto juu, hadi shingoni mwa mmea. Maganda ya miti yanayouzwa kwa magunia hayafai hapa, yanatunza unyevu.

Mwezi wa kwanza mwagilia kila siku ya tatu au ya nne. Baada ya hapo mara moja kwa wiki mbili, mvua isiponyesha. Septemba weka mpira wa maji stoo.

Ukitaka mingine, usinunue. Juni kata vijiti vya sentimita 8, viache kivulini siku moja kidonda kikauke, vichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Mimi hutumia makopo ya mtindi niliyoyatoboa chini. Wiki mbili tatu mizizi imetoka.

Maua hufunguka jua likiwa kali na kujifunga jioni. Mume wangu, anayerudi kutoka kazini wakati wa magharibi, alidhani namtania mpaka Jumapili moja alipoyaona mwenyewe saa saba mchana.

Majira ya baridi majani husinyaa na mengine hugeuka zambarau. Waambie watoto wasirundike hapo theluji yenye chumvi ya barabarani. Aprili kipande kizima kitaonekana kimekufa, using'oe. Kwaruza shina kwa ukucha, ukiona kijani ndani, subiri mpaka Mei iishe.

Vibweta vyake vya mbegu hufunguka vikilowa, na matone ya mvua huzirusha mbegu mbali. Mwaka huu mche mmoja umeota kwenye ufa wa saruji, karibu na sanduku la barua. Huo sijaumwagilia hata tone, na ndio unaochanua kuliko yote.