Namna ya Kusoma Shahada ya Sayansi ya Mazoezi

Kabla hujajaza fomu ya maombi, tafuta orodha ya masomo ya shahada unayoitaka, kwa maana jina pekee halitoshi. Chuo Kikuu cha Kenyatta na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, vina idara za elimu ya viungo na sayansi ya michezo, lakini katika idara za namna hii shahada moja huweza kumwandaa mwalimu wa sekondari, nyingine msimamizi wa klabu na viwanja, na nyingine mtaalamu wa kupima miili na kupanga mazoezi. Ukikuta fiziolojia ya mazoezi (yaani jinsi mwili unavyofanya kazi wakati wa mazoezi), biomekanika (kani zinazohusika katika mwendo wa mwili), lishe, takwimu na saa za maabara, hapo ndipo penyewe. Fahamu pia kwamba shahada hii haikufanyi kuwa mtaalamu wa fiziotherapia. Nchini Kenya taaluma hiyo ina sheria yake tangu mwaka 2014 na baraza lake la usajili.

Wengi huingia kwa kuwa wao wenyewe ni wanariadha hodari, na si vibaya, ila kasi ya miguu haimsaidii mtu katika mtihani wa bayokemia. Tumia likizo ya kabla ya mwaka wa kwanza kurudia asidi na besi, shinikizo la gesi, kani na nyenzo, kwa sababu kiwiko chako ni wenzo, na mapafu hayaeleweki bila shinikizo.

Anatomia isome kwa mikono. Simama juu ya ncha za vidole vya miguu, ushike shavu la mguu na kuhisi linavyokaza; kisha keti, magoti yakiwa yamekunjwa, uinue visigino tena. Safari hii msuli wa gastroknemiasi, unaovuka goti na kifundo cha mguu kwa pamoja, huwa umelegea, na soleasi iliyo chini yake ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi. Aliyekariri picha hulisahau jambo hili baada ya mtihani. Aliyelihisi hubaki nalo.

Usisubiri mashine ghali ndipo uanze kupima. Jaribio la ngazi la Harvard, lililochapishwa mwaka 1943, linahitaji benchi la takriban sentimita 50 na saa tu. Mpimwaji, ambaye ni lazima kwanza aulizwe juu ya moyo, presha na majeraha, hupanda na kushuka mara 30 kwa dakika, kwa muda usiozidi dakika 5, kisha huketi na kuhesabiwa mapigo kwa sekunde 30 ifikapo dakika ya 1, ya 2 na ya 3 ya mapumziko. Zidisha sekunde alizodumu kwa 100, ugawanye kwa jumla ya mapigo iliyozidishwa mara mbili: aliyemaliza sekunde 300 na kuhesabiwa 75, 60 na 50 atapata alama ya takriban 81. Mpime mtu yuleyule baada ya siku mbili. Jibu huenda likabadilika, nawe utalazimika kujiuliza kama ni usingizi, joto, kikombe cha kahawa au hesabu yako mwenyewe. Maswali hayo, kwa maoni yangu, yana thamani kuliko jibu la kwanza.

Zichunguze vivyo hivyo kanuni unazopewa. Kutoa umri katika 220 humpa kijana wa miaka 20 kilele cha mapigo 200 kwa dakika. Kanuni ya 208 kutoa 0.7 mara umri humpa 194. Zote mbili ni makadirio ya wastani, na kilele halisi cha mtu mmoja huweza kuachana nayo kwa mapigo 10 au zaidi.

Kosa moja hujirudia sana katika majibu ya wanafunzi. Wakiulizwa kwa nini wakimbiaji hufanya mazoezi Iten, mji wa Kenya ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, huandika kwamba asilimia ya oksijeni huko ni ndogo. Asilimia haibadiliki: ni karibu 21, kama Mombasa. Kinachopungua ni shinikizo la hewa yote, na kwa hiyo shinikizo la oksijeni inayoingia katika damu. Figo huhisi upungufu huo na kutoa homoni ya erithropoietini, inayochochea uboho, ulio ndani ya mifupa, kutengeneza zaidi seli nyekundu za damu, zinazobeba oksijeni. Andika mfuatano huo hatua kwa hatua, bila kuruka yoyote, na ufanye hivyo kwa kila mada ya fiziolojia.

Takwimu zisome mwaka wa pili kwa data uliyoikusanya mwenyewe, nazo zitakulainikia.

Barua za kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo zitume miezi kadhaa mapema, katika hospitali, timu na vituo vya mazoezi. Ukifika huko, usimpime mtu yeyote kabla hajaelezwa kwa lugha anayoielewa utakachofanya na kutoa ridhaa yake, na matokeo yake yahifadhi kwa namba badala ya jina.