Kuteleza barafuni Kanada: usinunue viatu vya kukulia

Barua ya shule ikisema darasa linakwenda uwanja wa barafu, usikimbilie dukani. Viatu vya kukodi palepale vinatosha kwa siku mbili tatu za mwanzo. Cha lazima ni kofia ngumu ya hoki yenye alama ya CSA, shirika la viwango la Kanada. Katika CanSkate, mafunzo ya msingi yenye hatua 6 ya Skate Canada, chama cha kitaifa cha mchezo huu, kofia haivuliwi mpaka hatua ya 5 iishe, uwe mtoto au mtu mzima. Ya baiskeli haifai. Mwenye misuko aifunge mkia chini kisogoni. Akiifunga utosini, kofia itakaa juujuu. Hijabu iwe ya michezo, isiyo na ncha za kuning'inia.

Ukija kununua, tazama chuma cha chini ya kiatu. Viatu vya kuteleza kwa mitindo (figure skating) vina meno mbele ya chuma, vya hoki havina. Meno hayo ni ya kurukia na kuzungukia. Anayeyatumia kama breki huanguka kifudifudi.

Kosa letu kubwa ni kiatu cha kukulia. Kwa nguo ya sikukuu, sawa. Barafuni kifundo hulala upande na mtoto hawezi kusimama, halafu tunasema hana kipaji. Namba huwa ndogo kuliko ya raba, mara nyingi kwa moja hivi. Soksi iwe moja, nyembamba. Zikiwa mbili mguu hubanwa, damu haipiti vizuri na baridi huzidi. Gonga kisigino kirudi nyuma, legeza kamba vidoleni, kaza sana pale mguu unapokunjwa, kisha legeza kidogo juu ili goti lipinde. Kunja goti: kisigino kikiinuka, kiatu ni kikubwa.

Chuma kipya mara nyingi huuzwa bila kunolewa. Chini yake kuna mfereji katikati na kingo mbili, ya ndani na ya nje, na ufundi wote wa mchezo huu uko kwenye kingo hizo. Pitisha ukucha kwenye ukingo. Ukingo usipoukwangua ukucha, peleka chuma kinolewe. Ukimaliza, kausha kwa taulo na uvike mfuko wa kitambaa. Vifuniko vya plastiki ni vya kutembelea tu. Ukihifadhi chuma humo, kutu haikawii.

Koti zito la nje liache nyumbani. Ndani utatoka jasho, kisha jasho lipoe. Jinzi nazo zikilowa hukakamaa.

Kuanguka kunafundishwa kabla ya kuteleza: kunja magoti, angukia nyonga ya upande, kunja ngumi vidole visikanyagwe.

Baada ya CanSkate huja STARSkate, mafunzo ya ngazi inayofuata, na hapo njia hugawanyika: mtu mmoja, wawili wa kuinuana na kurushana, dansi, au kundi, ambalo kwa ngazi ya juu huwa na watu 16. Kwa mtu mzima tunapendekeza dansi: haina miruko mikubwa, na anayemwinua mwenzake haruhusiwi kumshikilia juu ya kichwa chake mwenyewe kwa mikono iliyonyooshwa. Mtoto anayepapatikia miruko atakutana na sita, na wa kuutambua kwa urahisi ni Axel: ndio pekee unaoanza kwa kutazama mbele, kwa hiyo wa mzunguko mmoja huwa ni mmoja na nusu.