Jinsi ya kujenga tembe la kukaa mwaka mzima Dodoma, kipupwe hadi masika

Mbukwenyi ndugu zangu. Mwongozo huu ni kwa mwenye eneo kijijini, iwe Chamwino, Bahi, Kongwa au Mpwapwa, anayetaka kujenga tembe, yaani nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa la udongo, na kuhamia humo na familia yake. Kama kiwanja chako kimepimwa na kiko ndani ya Jiji, anza na kibali cha ujenzi kabla hujachimba shimo hata moja.

Tangu Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, nyumba za tembe zimezidi kupungua na bati limechukua nafasi yake. Wengi wanalichukulia tembe kuwa dalili ya umaskini. Mimi naishi ndani yake na nawajengea wengine, na nasema wazi kwamba kwa baridi ya Juni na Julai hakuna nyumba ya bei yake inayolishinda. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kipupwe, usiku joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Watu wa Njombe na Makete wana baridi kali kuliko hiyo, lakini sisi tuna upepo usiokatika, na anga letu ni kavu, halina wingu la kuzuia joto la mchana lisipotelee juu. Bati hupoa mara jua linapozama. Udongo mnene huachia joto lake polepole, usiku kucha.

Sharti lake ni moja: tembe halikubali kusahauliwa. Ukilijenga vizuri kisha ukaliacha miaka miwili bila kuligusa, litakuangukia.

Hatua ya 1: Chagua muda na uelekeo

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600. Anza kazi Mei, udongo ukiwa bado na unyevu wa kuchimbika. Hakikisha paa limekauka kabisa kabla ya mwisho wa Oktoba.

Uelekeo wa nyumba ndio jambo ambalo mafundi vijana wanalipuuza, nami nalisisitiza kuliko yote. Sisi tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo miezi ya baridi jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini, na Desemba linahamia kusini. Maana yake ni kwamba ukuta unaotazama kaskazini utaota jua Juni na Julai, na wakati wa joto utapumzika bila kufanyiwa chochote. Weka vyumba vya kulala upande wa kusini wa ua, milango na madirisha yake yakitazama kaskazini, uani. Upepo mkali hutoka mashariki na kusini-mashariki. Upande wa mashariki jenga ubawa wa pili wa stoo usio na dirisha nje, ili ukinge ua mzima. Wazee walijenga tembe kuzunguka ua kwa ajili ya mifugo na usalama, lakini ua huohuo ndio unaokupa mahali pa kuota jua asubuhi bila vumbi machoni.

Eneo liwe limeinuka kidogo. Usijenge kwenye mbuga ya udongo mweusi: unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nguzo zitacheza.

Hatua ya 2: Miti

Unahitaji nguzo zenye panda juu, boriti, na fito nyingi. Mpingo hauliwi na mchwa kirahisi, lakini ni mti adimu na haukui haraka. Usikate kwa kificho. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ipo, na serikali ya kijiji pamoja na ofisi ya misitu ndio watakaokueleza kinachoruhusiwa kukatwa na mahali pa kukikata. Ukikosa mti mgumu, tumia mti uliopo, uumenye magome, uuchome ule mwisho unaoingia ardhini hadi uwe mweusi, kisha uupake oili chafu. Mti wenye magome ni karamu ya mchwa.

Hatua ya 3: Nguzo na boriti

Hapa ndipo uhai wa watu ulipo, tupige hesabu pamoja. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye paa la udongo wa unene wa sentimita 10 kinabeba mita za ujazo 1.2 za udongo. Udongo mkavu ulioshindiliwa una uzito wa kama tani 1.6 kwa mita ya ujazo. Juu ya vichwa vya watoto wako kuna karibu tani 2, na ukilowa uzito unapanda.

Ndiyo maana uzito huo ubebwe na nguzo, usibebwe na ukuta. Nchi yetu ya kati iko kwenye Bonde la Ufa, na tetemeko tunalihisi. Ukuta wa udongo ukipata ufa, nguzo zikiwa imara paa linabaki palepale. Chimba mashimo ya sentimita 60, weka nguzo kila baada ya mita 1 au 1.2, shindilia kwa mawe madogo na udongo. Upana wa chumba usizidi mita 3, na katikati pitisha mstari mwingine wa nguzo. Boriti zilale ndani ya panda zenyewe, zisining'inie kwenye misumari. Funga kwa waya.

Nguzo za upande wa nje ziwe fupi kuliko za upande wa ua, ili paa liwe na mteremko wa sentimita 3 kwa kila mita. Mteremko mkubwa zaidi ya hapo mvua itauchukua udongo wako. Mdogo kuliko hapo maji yatatuama. Maji yaelekee nje ya ua. Kimo cha ndani mimi naweka mita 2. Matembe ya zamani yalikuwa mafupi zaidi, mtu mrefu aliinama, lakini chumba kifupi kweli hupata joto haraka, kwa hiyo usivuke kimo hicho kwa sababu ya fahari.

Hatua ya 4: Kuta

Msingi wa mawe uinuke angalau sentimita 30 kutoka ardhini. Mawe Dodoma hatukosi. Juu yake suka fito pande zote mbili za nguzo, jaza katikati, kisha kandika hadi ukuta ufike unene wa sentimita 25 au 30.

Pima udongo kwanza. Tengeneza mche wa udongo mbichi wenye unene wa sentimita 3, uulaze juu ya meza, usukume polepole upite ukingoni hadi ukatike. Kipande kikiwa chini ya sentimita 5, mchanga umezidi, ongeza udongo wa kichuguu. Kikizidi sentimita 15, mfinyanzi umezidi, ongeza mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa. Loweka siku mbili, ukanyage kwa miguu mpaka ushikamane kama ugali mgumu. Lipu ya mwisho changanya na kinyesi cha ng'ombe kibichi.

Hatua ya 5: Paa

Panga fito juu ya boriti zikiwa zimebanana. Juu yake tandika mabua ya mtama au uwele, halafu majani. Kisha tandaza udongo mbichi wa sentimita 3 tu, uusawazishe, uuache ukauke. Juu ya tabaka hilo ndipo utandike nailoni nzito, vipande vikipishana nusu mita kufuata mteremko, kile cha juu kikilalia cha chini. Sababu ya kutangulia na udongo ni kwamba mabua na miiba ingetoboa nailoni siku ya kwanza utakapopanda. Malizia na udongo wa kichuguu wa sentimita 7, ulioshindiliwa kwa kipande cha mbao, na lipu nyembamba ya kinyesi na majivu.

Wapo wanaosema nailoni si tembe. Tembe la babu zetu lilivuja, wakahamisha vitanda na maisha yakaendelea. Kama kuna njia ya watoto kulala pakavu, sioni sababu ya kuikataa.

Paa litokeze nje ya ukuta nusu mita, na mahali pa kumwaga maji weka mlizamu wa bati au bomba lililopasuliwa, ili maji yaangukie mbali na msingi.

Hatua ya 6: Sakafu, nyufa na papasi

Msomaji asiruke hapa. Papasi, mdudu wa jamii ya kupe, huishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi na kurudi mafichoni kabla hujaamka. Anaweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo kuhama nyumba kwa muda hakumwondoi. Anaambukiza homa ya papasi: homa kali inayopoa, kisha inarudi baada ya siku kadhaa, tena na tena. Ni hatari zaidi kwa mjamzito na mtoto mchanga. Inafanana na malaria, hivyo ukipimwa malaria ikakosekana, mwambie mhudumu kwamba unalala kwenye nyumba ya udongo na uombe damu iangaliwe kwa darubini. Inatibika kwa dawa za antibiotiki.

Kinga yake ni kazi ya mikono. Vyumba vya kulala mwaga sakafu ya saruji, hata kama nyumba nzima ni udongo. Pale sakafu inapokutana na ukuta, lipu ipande sentimita 20 juu bila ufa. Kitanda kiwe na miguu, kisiguse ukuta, na chandarua kichomekwe chini ya godoro. Kuku walale kwenye banda lao. Najua bibi zetu walilala na kuku na mbuzi chini ya paa moja, na mbuzi wanaongeza joto kweli, lakini kuku ndani ya chumba ni kumlisha papasi.

Hatua ya 7: Joto la usiku

Usiingize jiko la mkaa chumbani. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na tembe lina madirisha madogo. Familia nzima inaweza kulala isiamke. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Jiko libaki kwenye chumba chake chenye tundu kubwa la moshi.

Badala yake, mchana fungua madirisha ya kaskazini jua lipige ukuta na sakafu, na saa kumi na moja jioni funga kila kitu, uachie tundu dogo juu upande usio na upepo kwa ajili ya kupumua. Mlangoni tundika gunia au blanketi zito hadi chini. Anayesikia baridi zaidi, hasa mzee au mtoto, apashiwe tofali la kuchoma jikoni, lifungwe kwenye gunia na liwekwe miguuni.

Hatua ya 8: Kazi za kila mwaka

Mei, kabla ya baridi: zunguka kuta zote ndani na nje na taa mkononi, ziba kila ufa unaoingiza ukucha, kisha siriba upya upande wa mashariki uliochapwa na mvua na upepo.

Agosti: kagua mchwa. Gonga kila nguzo kwa nyuma ya panga. Ikitoa sauti ya uwazi, simamisha nguzo mpya pembeni yake kwanza, uiingize chini ya boriti, ndipo uguse ya zamani.

Novemba: panda juu, ng'oa majani yote yaliyoota, maana mizizi inatafuta nailoni. Ongeza udongo palipopungua, lakini kwangua wa zamani kwanza. Ukiongeza kila mwaka bila kukwangua, baada ya miaka kumi boriti zitakuwa zinabeba mara mbili ya ulichopiga hesabu.

Wakati wa mvua, ukiona tone ndani, usipande juu ya paa lililolowa, kwani uzito wako unajumlika na wa maji. Weka ndoo, tia alama ya mkaa kwenye boriti iliyo juu ya tone, subiri siku mbili za jua. Tundu la juu mara nyingi halilingani na tone la chini, kwa sababu maji hutembea juu ya nailoni kufuata mteremko. Anza kutafuta upande wa juu wa alama yako.