Namna ya Kuupokea Umri wa Makamo

Ukijikuta umenyoosha mkono mzima ili uone tundu la sindano, ujue umefika makamo. Lenzi ya jicho hupoteza wepesi wake polepole, na wengi waliovuka miaka 40 huhitaji miwani ya kusomea. Nenda ukapimwe macho, na siku hiyo hiyo upimwe sukari na shinikizo la damu, kwa kuwa shinikizo la 140/90 na zaidi laweza kukaa mwilini miaka mingi bila kukuuma popote.

Hata hivyo mwili ni mlango tu. Neno makamo lina asili ya Kiarabu, na huko maana yake ni mahali pa kusimama, yaani daraja. Katiba ya Tanzania ya 1977 nayo inamtaka mgombea urais awe ametimiza miaka 40. Kwa hiyo jiulize umesimama wapi, na nani wanakuegemea.

Anzia nyumbani. Ukomohedhi huja kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, na mwanamke huweza kuamka usiku akitota jasho. Mume asidhani ametengwa, bali aulize, afungue dirisha, asikilize. Kazini, mtumishi wa umma wa Tanzania hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60, hivyo hakiki michango yako ya pensheni mapema, wakati kosa bado linasahihishika.

Lililo zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kuketi na wazazi wangali hai. Usianze na hati ya shamba, maana mzee atadhani unamhesabia siku. Anza na jina la bibi yake, alikotoka na aliyemlea, kisha mwombe mtembee taratibu hadi mpakani. Kwa wenzetu wa Kilimanjaro mpaka ni safu ya masale, na kwingine ni minyaa. Mwache aushike mmea kwa mkono wake, ataje aliyeupanda na jirani aliyeshuhudia. Deni lisilolipwa au ugomvi wa zamani utajitokeza wenyewe katika mazungumzo hayo. Andika papo hapo katika daftari, kwa majina aliyoyatamka yeye, na jioni umsomee polepole ili asahihishe.