Jinsi ya kusubu sanamu ndogo ya Osiris kwa nta

Mwaka 2022, huko Saqqara kusini mwa Kairo, zilifukuliwa sanamu 150 za miungu za shaba nyeusi, zikiwamo za Osiris, mungu wa wafu wa Misri ya kale, Isis, Anubis na Bastet. Waumini walizitoa nadhiri kwa maelfu, hasa kuanzia karne ya 7 KK. Hivi ndivyo ninavyosubu Osiris wa sentimita 12 kwa njia yao ya nta: unafinyanga sanamu ya nta, unaifunika kwa udongo, unaiyeyusha itoke, kisha unamwaga shaba mahali pake.

1. Nta. Loweka nta ya nyuki kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ifinyangike. Mwili wa Osiris umefungwa sanda. Zinazojitokeza ni ngumi mbili tu kifuani, moja imeshika fimbo ya mchungaji, nyingine mjeledi. Taji ni refu, lina unyoya kila ubavu. Usiharakishe uso. Mkunjo wa ndevu usipoonekana kwenye nta, kwenye shaba hutauona.

Sanamu ndogo husubiwa nzima, shaba imejaa hadi ndani. Kubwa huanza na kiini cha udongo na mchanga kilichovikwa nta, kikashikiliwa kwa misumari myembamba kisisogee nta ikishatoka.

2. Njia za shaba. Chini ya nyayo bandika kijiti cha nta kinene kama kidole, kwani tutamwaga kichwa kikiwa chini. Ongeza nyuzi za nta kutoka kwenye manyoya na viwiko hadi juu, hewa ipate pa kutokea. Mara nyingi Wamisri hawakukikata chote kile cha miguuni: walikiacha kiwe ulimi wa kuchomeka sanamu kwenye kibao. Nikiona ulimi chini ya sanamu ya kale, najua shaba iliingilia hapo.

3. Udongo. Hapa ndipo kazi hufa au hupona. Chekecha udongo wa mfinyanzi kwa kitambaa, ukoroge uwe uji mwepesi, upake kwa brashi laini tabaka tatu, kila moja ikauke kwanza. Kiputo kimoja puani kitakuwa chunjua la shaba. Kisha funika kwa udongo mzito wenye mchanga na makapi, uanike kivulini wiki nzima au zaidi.

4. Moto. Pasha kalibu, yaani udongo huo uliokauka, polepole, mdomo chini, nta ichuruzike, halafu ichome hadi iwe nyekundu. Niliwahi kumwaga kwenye kalibu yenye unyevu: mvuke uliirusha shaba hadi ukutani, nami nikaungua mkono. Vaa ngao ya uso, glavu na buti za ngozi.

5. Kumwaga. Shaba nyekundu sehemu tisa, bati moja. Wazee waliongeza risasi ili metali itiririke vizuri. Wewe usiiongeze, moshi wake ni sumu. Mwaga kwa mkupuo mmoja kalibu ikiwa bado ya moto.

6. Kumalizia. Ikipoa, ivunje kalibu, haitumiki tena. Kata nyuzi, lainisha kwa tupa, chora mistari ya taji kwa tindo kali. Baadhi ya sanamu za kale zilitiwa dhahabu machoni. Kwenye kitako kulichongwa dua: Osiris ampe uhai fulani, mwana wa fulani. Acha nafasi ya jina hilo kabla hujachomeka ulimi kwenye kibao.